SOMO LETU: BERINGI ZA RILI YA MTUMBA

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi vijana wa vikundi vya uvuvi, kaskazi ikikaribia watu huanza kutafuta rili za kurambazia. Mpya ni ghali, kwa hivyo wengi hununua za mitumba, zile zilizokwisha kutumika katika mashua za Malindi, Watamu au Shimoni. Si vibaya. Lakini kabla pesa za kikundi hazijatoka, tujue tunanunua nini.

Ndani ya rili mna beringi: pete mbili za chuma, na katikati yake gololi ndogo ndogo. Ndizo zinazobeba spuli, yaani lile gurudumu la mshipi. Maji ya chumvi yakiingia, chuma hushika kutu na vijishimo huchimbika katika njia ya gololi. Nguru mkubwa akikimbia, spuli badala ya kuachia mshipi vizuri huachia kwa kushtuka-shtuka, na mshipi hukatika. Samaki kaenda, na ndoana kaenda nayo.

Wauzaji wengine huijaza rili grisi nzito. Grisi hiyo huficha mkwaruzo, hata ukizungusha mkono wa rili pale sokoni utaona laini kabisa. Omba ifunguliwe. Akikataa, mwachie rili yake.

Ukishaitoa beringi, jua kwanza kama ni chafu au imelika, kwa maana chafu huoshwa, lakini iliyolika haiponi kwa mafuta yoyote. Ioshe kwa mafuta ya taa, uizungushe humo humo mpaka uchafu utoke, kisha uisuuze kwa spiriti na kuiacha ikauke. (Petroli hapana, jamani, hasa karibu na jiko.) Sasa ivishe kwenye kijiti cha kuibana na uzungushe pete ya nje polepole kwa kidole. Kelele kidogo isikutishe, beringi kavu hulia. Ikikwama hapa mara hii na pale mara nyingine, bado mna mchanga, rudia kuosha. Ikikwama palepale kila mzunguko, au pete zikicheza huku na huku, hiyo imekwisha.

Kutafuta nyingine si lazima uende kwa muuza rili. Beringi hujulikana kwa vipimo vitatu vya milimita: tundu la ndani, upana wa nje, na unene. Kwa mfano 623 ni 3 kwa 10 kwa 4. 688 ni 8 kwa 16 kwa 5. Peleka ile ya zamani kwenye duka la beringi wapime. Kwa maji ya bahari uliza ya chuma kisichoshika kutu, hata kama bei imezidi kidogo. Wakati wa kuiingiza katika tundu lake, sukuma pete ya nje tu. Ukigonga ya ndani, nguvu yote hupita kwenye gololi na umeiharibu mpya kabla haijaona maji.

Beringi za spuli zataka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Za mkono, grisi nyepesi. Mafuta ya nazi au ya kupikia yaacheni jikoni, yakikaa huganda kama gundi.

Rili nyingi zina beringi moja ya ajabu: haina gololi bali vijiti vya mviringo, na huzunguka upande mmoja tu ili mkono usirudi nyuma. Hiyo msiijaze grisi. Vijiti vikiteleza, mkono hurudi kwa kasi samaki akivuta, na tunaongea juu ya vidole vya mtu. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha.

Mkirudi pwani, kazeni breki ya rili, ioshwe kwa maji baridi ya kumwagia taratibu, maana maji ya kasi husukuma chumvi ndani. Ikishakauka, legezeni breki tena ndipo iwekwe.