Maji Hayasahau Njia Yake

Masika huja kila mwaka, Machi hadi Mei. Si mgeni wa kutushtukiza. Kwa nini basi mvua ituue?

Tuitazame Unguja. Jina la Darajani latukumbusha kwamba hapo palikuwa na daraja: mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, nao ulipokea maji ya mvua. Katika karne ya 20 ulifukiwa. Maji hayakukoma kushuka. Yalikosa mlango tu. Hali kadhalika mabondeni, kama Mwanakwerekwe na Sebleni: watu walipojenga palipokuwa makao ya maji, maji yaliwafuata vyumbani, yakachanganyika na ya vyoo na kuchafua visima. Ndipo kipindupindu hupata njia. Masika ya 2016 kiliua watu Unguja.

Wala hatukukosa mipango. Bwana Lanchester aliandika wake mwaka 1923. Ikafuata ya 1958, 1968 na 1982. Karatasi zilikuwapo, ila nyumba nyingi zilijengwa pasipo kuziuliza. Mradi wa Huduma za Miji, ulioidhinishwa 2011, umejenga mitaro mikubwa ya kupeleka maji baharini. Ni jambo jema. Lakini mtaro uliojaa taka ni ukuta.

Basi mambo matatu yatupasa. Viwanja visigawiwe mabondeni, na aliyekwisha kukaa humo apewe kwanza mahali pengine, maana bonde hakulichagua yeye, bali umaskini wake. Mitaro isafishwe kabla ya Machi. Nasi tusiigeuze jaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa twahofu tutachimba makaburi.