Kuchagua Kamera Ndogo ya Kazi: Mwongozo kwa Watumishi wa Ofisini na wa Uwandani

1. Mwongozo huu unamhusu nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye picha ni sehemu ya kazi yake ingawa yeye si mpigapicha: afisa ugani, msimamizi wa ujenzi, mkadiriaji wa hasara za bima, afisa uvuvi, mwalimu, katibu wa chama cha ushirika. Watu hawa hupiga picha karibu kila siku, na picha zao hubeba uzito. Ufa wa nguzo usioonekana vizuri unaweza kumkosesha mteja fidia yake. Picha ya jani la muhogo iliyotoka na ukungu haimsaidii mtaalamu kutofautisha batobato na michirizi kahawia, na anayeendelea kusubiri majibu ni mkulima.

Kwa hiyo tunasisitiza jambo moja tangu mwanzo: kamera ichaguliwe kwa kazi itakayofanya na kwa mwanga utakaokuwapo kazini. Tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi zisomwe baada ya mambo hayo mawili.

2. Je, simu haitoshi?

Mara nyingi inatosha. Ikiwa unapiga picha mchana, kwa karibu, na kuzituma papo hapo kwa WhatsApp, usitumie fedha ya ofisi kununua kamera. Kamera ndogo inastahili kununuliwa pale inapofanya yale ambayo simu nyingi hazifanyi vizuri:

- kuvuta kitu cha mbali kwa lenzi yenyewe, bila kukata picha na kuikuza;
- kumulika kwa flashi halisi yenye nguvu kuliko kitaa cha simu;
- kubadilishiwa betri katikati ya safari;
- kustahimili maji, vumbi na kuanguka, kwa zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo;
- kupita mikononi mwa watumishi kadhaa, bila picha za kazi kuchanganyika na za familia ya mtu.

Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Picha za ofisi zikikaa kwenye simu binafsi, huondoka siku mwenye simu anapohama kituo, simu inapoibwa au kioo kinapovunjika.

3. Orodhesha kazi kabla ya kwenda dukani

Chukua karatasi, andika picha ambazo ofisi yenu ilizihitaji hivi karibuni. Kwa kila moja jibu maswali manne: Kitu kilikuwa umbali gani? Palikuwa na mwanga kiasi gani? Kilikuwa kimetulia au kinatembea? Picha ilikwenda wapi: kwenye ripoti, kwenye bango, au kwenye simu? Majibu hayo ndiyo yatakayokulinda dhidi ya muuzaji mwenye maneno mengi.

4. Vipimo vinavyoamua ubora

4.1 Kihisi. Hiki ni kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kadiri kilivyo kikubwa, ndivyo picha ya ndani ya nyumba au ya jioni inavyotoka bila chenga. Kamera ndogo nyingi za bei nafuu hutumia kihisi kiitwacho 1/2.3, chenye upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6. Kikubwa kuliko hicho ni kile kiitwacho cha inchi moja, ingawa kwa hakika ni milimita 13.2 kwa 8.8; jina hilo limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani. Eneo lake ni takriban mara nne ya lile la kwanza. Juu yake kuna APS-C, chenye takriban milimita 23.5 kwa 15.6, ambacho hupatikana katika kamera chache za mfukoni. Kama kazi yenu ni ya ndani ya majengo, mikutano au shughuli za jioni, anzieni kwenye kihisi cha inchi moja.

4.2 Lenzi. Mbele ya lenzi kuna namba mbili za kusoma. Ya kwanza huanza na f au 1: na hueleza upana wa tundu linaloingiza mwanga. Namba ndogo ni tundu pana: f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Angalia pia namba ya pili baada ya kistari, kwa sababu lenzi nyingi hufinyika zinapovuta mbali, na picha huwa giza au hutikisika.

Namba nyingine ni ya milimita, ambayo maelezo ya kamera huitafsiri kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Milimita 24 huenea chumba kidogo hata ukiwa umeegemea ukuta. Milimita 100 hufaa kwa uso wa mtu. Milimita 200 hufika kwenye paa au jukwaani ukiwa umekaa nyuma ya ukumbi. Uvutaji wa kidijitali usiuhesabu kabisa. Huo hukata tu picha uliyonayo.

4.3 Megapikseli. Ukurasa mzima wa A4 uliochapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unahitaji takriban megapikseli 9. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takriban 2 tu. Kamera yenye megapikseli 12 inatosha kwa ripoti, jarida na kitambulisho. Kuongeza megapikseli kwenye kihisi kidogo hakuongezi mwanga.

4.4 Kizuia mtikisiko. Hiki hutuliza mkono wako, lakini hakimtulizi unayempiga picha. Mtu anayeongea kwa ishara anahitaji kasi ya angalau 1/125 ya sekunde, na mtoto anayekimbia 1/500. Kasi hizo zinahitaji mwanga, na hapo tunarudi kwenye kihisi na lenzi.

4.5 Betri. Watengenezaji hutaja idadi ya picha kwa betri moja kwa kufuata kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Kwa kamera ndogo nzuri, idadi hiyo huwa kati ya 200 na 350. Katika kijiji kisicho na umeme wa uhakika, betri ya pili ni lazima, na iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Pendelea kamera inayochajiwa kwa waya wa USB, ili iweze kutumia pawabenki au chaja ya sola.

5. Aina nne na kazi zake

a) Kamera ya jumla yenye kihisi cha inchi moja. Hii ndiyo inayofaa ofisi nyingi. Canon PowerShot G7 X Mark III ya mwaka 2019 ina lenzi ya milimita 24 hadi 100, f/1.8 hadi f/2.8, na uzito wa gramu 304. Sony RX100 VII ya mwaka huohuo hufika milimita 200, lakini huanzia f/2.8; imekubali kupunguza mwanga ili ipate umbali. Anayeshinda ndani ya vyumba achukue mfano wa kwanza, na anayeshinda kwenye viwanja na kumbi kubwa achukue wa pili.

b) Kamera ya maji na vumbi. Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019, na OM System TG-7 iliyoifuata mwaka 2023, huzama hadi mita 15 na kustahimili kuanguka kutoka mita 2.1. Kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo usiitarajie kung'ara gizani. Lakini inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu kutoka kwenye lenzi, na kwa hiyo nzi mweupe aliye chini ya jani la muhogo huonekana waziwazi. Kwa afisa ugani, afisa uvuvi na mkaguzi wa visima, hii huenda ikawa ya kwanza kuifikiria.

c) Kamera ya lenzi isiyovuta. Ricoh GR III ina kihisi cha APS-C, lenzi moja ya milimita 28 na uzito wa gramu 257. Picha zake ni safi mno, lakini haina flashi wala uvutaji. Inamfaa mwandishi na mtafiti anayeweza kumsogelea anayempiga picha.

d) Kamera ya uvutaji mrefu. Canon PowerShot SX740 HS huvuta mara 40, hadi kipimo cha milimita 960, kwa kihisi cha 1/2.3. Jua linapowaka inafaa kwa nyaya, minara na ndege. Likizama, uwezo wake hupungua haraka.

6. Majaribio ya dukani

Iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, usinunue kamera ambayo hujaiwasha. Nenda na memori kadi yako na ufanye haya:

- Mpige picha mwenzako akiwa amesimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake. Jaribio hili lipewe uzito wa kwanza. Kamera hupima mwanga ikilenga wastani wa kijivu; mbele ya ukuta mweupe au anga kali, hupunguza mwanga na uso mweusi hupotea. Tafuta alama ya + na −, ongeza hatua moja, piga tena. Kama uso haurudi, au kama kitufe hicho kimefichwa ndani ya menyu hadi huwezi kukifikia kwa haraka, iache. Watu wetu wanastahili kuonekana sura zao kwenye kumbukumbu za ofisi.
- Piga picha pembe ya duka yenye giza bila flashi, kisha ikuze kwenye kioo uone chenga.
- Piga ukurasa wa maandishi madogo, ukague pembe nne za picha.
- Zima, washa, piga. Pima muda huo kwa hisia yako.
- Toka nje juani uone kama kioo kinasomeka.

Dai risiti yenye namba ya kamera, na waranti inayotaja ni nani atakayeitengeneza na wapi.

7. Ukinunua ya mtumba

Kamera ya mtumba inaweza kuwa nafuu ya kweli. Weka tundu dogo kabisa inaloruhusu, piga anga tupu, kisha tafuta madoa meusi. Lenzi ya kamera hizi haifunguki, kwa hiyo vumbi lililofika kwenye kihisi halitoki bila fundi kuifumua kamera yote. Mulika lenzi kwa tochi utafute kuvu. Sikiliza lenzi ikitoka na kurudi. Mlio wa kukwaruza ni dalili ya mchanga. Kagua betri kama imevimba. Uliza pia kama betri mpya za aina hiyo bado zinauzwa.

8. Memori kadi, saa na utunzaji

Memori kadi bandia ni nyingi: huandikwa gigabaiti 64 lakini huhifadhi sehemu ndogo tu. Ijaze mafaili mpaka mwisho, kisha fungua ya mwishomwisho. Kwa picha, kadi halali ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya 3,000. Kwa video ya 4K, tafuta alama ya U3 au V30.

Rekebisha tarehe na saa kabla ya picha ya kwanza. Kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi iwe 08:00. Saa isiyo sahihi huidhoofisha picha inayotumika kama ushahidi. Unapopiga ufa au kidonda cha mmea, weka rula kando yake ili ukubwa usibishaniwe.

Pwani, unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Hifadhi kamera kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, uvibadilishe vinaposhiba. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi ipate joto kwanza. Kamera ya maji ikitoka baharini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kila wiki nakili picha mahali pawili tofauti. Kisha ndipo ufute kadi.

9. Haki ya anayepigwa picha

Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ridhaa, eleza picha itatumika wapi, na kwa mtoto omba ridhaa ya mzazi au mlezi. Usimpige picha mgonjwa wala mfiwa kwa sababu tu kamera iko mkononi.

10. Kufanya uamuzi

Maombi ya ununuzi yaeleze mambo manne: kazi zitakazofanywa, mazingira ya mwanga na maji, watakaoitumia, na gharama nzima ikiwamo betri ya pili, kadi mbili na mfuko. Bajeti ikibana, pendelea kihisi kikubwa cha toleo la zamani kuliko kihisi kidogo cha toleo jipya, isipokuwa kazi inadai maji au umbali.

Baada ya kununua, tengeni saa mbili watumishi wote wajifunze mambo matatu: kuongeza mwanga usoni, kulenga kwa karibu, na kunakili picha. Mtu mmoja akabidhiwe kamera kwa maandishi, na daftari la kuazimana liwekwe. Ofisi isiyokuwa tayari kufanya hivyo iahirishe ununuzi, kwa sababu kamera isiyo na mtunzaji wala mtumiaji aliyefunzwa haitampa mkulima wala mteja picha anayoihitaji.