Kesi ya Dereva Mlevi: Nani Anagharamia Haki?

Somo la vikundi kwa robo hii



Tulikwenda Idodi kuendesha semina ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mada ilikuwa bajeti ya kijiji. Wakati wa maswali mama mmoja mjane alisimama akauliza jambo ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo: "Walimu wetu, mtu akigongwa na dereva mlevi, kesi yake inalipiwa na nani?"

Mumewe alikuwa akirudi na baiskeli kutoka kwenye majaruba ya mpunga, saa mbili usiku. Pikapu ikamgonga. Dereva alikuwa kilabuni tangu alasiri, na kila aliyemsogelea alisikia harufu ya pombe. Hadi dereva huyo anatolewa damu, ilikuwa saa sita usiku. Kesi ikafunguliwa mjini. Mama alihudhuria mara saba, kila mara akiuza debe la mpunga apate nauli. Askari aliyechora ramani ya ajali akahamishiwa mkoa mwingine. Majibu ya damu hayakuletwa mahakamani. Mwishowe shtaka la ulevi likaondolewa, dereva akakiri uzembe, akalipa faini.

"Yeye alilipa siku ileile akaondoka," alisema mama. "Mimi nilirudi kwa nauli ya kukopa."

Hatutaji kituo wala mahakama, kwa sababu lengo letu si kumnyooshea mtu kidole. Lakini swali la mama huyu tuliondoka nalo, na ndilo somo letu la robo hii.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili wanakikundi waweze:
- kueleza kwa nini kesi nyingi za ulevi barabarani huharibika;
- kueleza kazi ya mwendesha mashtaka maalumu na gharama zake;
- kujua ni wapi wananchi wanaweza kupeleka hoja ya fedha za kazi hiyo.

1. Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari au pikipiki ukiwa umelewa. Kiwango cha mwisho ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Sheria hiyo ndiyo iliyounda pia Baraza la Taifa la Usalama Barabarani.

Kuhusu mashtaka, kwa miaka mingi kesi za mahakama za chini ziliendeshwa na askari polisi wenyewe. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Mashtaka ya mwaka 2008 ilikusudia kutenganisha kazi ya kupeleleza na kazi ya kushtaki, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikawa ofisi inayojitegemea, ikiongozwa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mwendesha mashtaka yuleyule hubeba majalada ya wizi, ubakaji, mauaji na ajali. Katika sheria hizi hakuna mfuko uliotengwa kwa ajili ya kesi za ulevi barabarani peke yake.

2. Ushahidi unaoyeyuka

Panga la mwizi ukilifungia stoo, mwaka ujao utalikuta. Pombe iliyo mwilini haikungoji. Mwili wa mtu mzima hupunguza kilevi kwa wastani wa miligramu 15 hivi kila saa, wengine zaidi kidogo.

Tufanye hesabu pamoja. Dereva aliyekuwa na miligramu 110 saa mbili usiku alikuwa amevuka kiwango kwa mbali. Akitolewa damu saa sita usiku, saa nne zimepita: 15 mara 4 ni 60. Zimebaki miligramu 50. Karatasi itasema yuko chini ya kiwango, ingawa wakati anamgonga mtu alikuwa amelewa. Kwa sisi wa vijijini saa nne si nyingi. Simu ipatikane, gari litafutwe, mafuta yachangwe, halafu safari ya kwenda mjini ianze.

Damu ikishatolewa, safari haijaisha. Sampuli inapaswa kufungwa, kuandikwa na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Maabara yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, zaidi ya kilometa 300 kutoka Iringa mjini. Kila anayeipokea anatakiwa kuandika jina na saa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wakili wa utetezi atauliza, na ni haki yake kuuliza: "Tutajuaje kama damu hii ni ya mteja wangu?"

Kesi ya jinai huthibitishwa bila kuacha shaka ya maana. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa bila hakimu kupokea chochote na bila askari kula njama. Inatosha tu kwamba mafuta hayakuwepo usiku ule, kipimo cha pumzi kilikuwa kibovu, au shahidi alikosa nauli.

3. Mwendesha mashtaka maalumu ni nani

Ni mwanasheria wa Serikali aliyepewa kesi za aina hii na kuzifuata kuanzia siku ya ajali hadi hukumu, jalada lisipite mikononi mwa watu watano. Kazi yake ina sehemu nne:

Kwanza, anapatikana kwa simu usiku, amwelekeze askari nini kichukuliwe kabla hakijapotea. Pili, anawafundisha trafiki na waganga namna ya kupima, kuandika na kutunza sampuli. Tatu, anaielewa sayansi ya kilevi, hivyo anaweza kumhoji mtaalamu mbele ya hakimu na kueleza hesabu kama ile tuliyoifanya hapo juu. Nne, anaijulisha familia ya marehemu kesi imefikia wapi.

Wazo la kuwa na wataalamu wa kosa fulani si geni nchini kwetu. Kwa makosa ya rushwa tuna TAKUKURU, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilianza kuwa na divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi. Idodi, iliyo njiani kwenda Hifadhi ya Ruaha, inajua uzito ambao Serikali imeuweka kwenye ujangili. Mwezi Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu raia wa China, Yang Fenglan, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya meno ya tembo. Hatusemi tembo asilindwe. Tunachosema ni kwamba Serikali ikiamua kwamba jambo ni zito, hutenga watu na fedha. Basi tuulize: mtu wa baiskeli naye ana uzito gani?

4. Wengine wamefanyaje

Marekani. Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candace Lightner, alianzisha chama cha akina mama dhidi ya ulevi barabarani baada ya binti yake wa miaka 13 kuuawa na dereva mlevi. Kelele zao zilibadili sheria na pia bajeti. Leo Serikali ya Shirikisho hutoa ruzuku za usalama barabarani kwa majimbo, na sehemu ya fedha hizo hulipia waendesha mashtaka waliobobea katika kesi hizi. Katika California ofisi za mashtaka za wilaya huomba ruzuku hiyo ili mwanasheria mmoja abaki na kesi mwanzo hadi mwisho.

Kenya. Majirani zetu wanatufundisha upande mwingine. Mwezi Desemba 2013 walirudisha barabarani kipimo cha pumzi kinachojulikana kama Alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kanuni zilizotumika hazikupatana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Vifaa vilikuwepo na fedha zilikwishatumika, lakini msingi wa sheria ulikuwa na ufa. Fedha bila wanasheria wa kuitazama sheria kwa makini ni kama kujenga ukuta kabla ya msingi.

5. Fedha zitoke wapi, na kwa masharti gani

Katika semina baba mmoja alipinga. "Zahanati yetu haina dawa," alisema, "na ninyi mnatuambia tudai fedha za wanasheria?" Hoja yake ni ya kweli na tusiipuuze. Lakini tutazame upande wa pili wa mizani. Mume wa mama yule ndiye aliyekuwa akilima, akilipa ada na kujaza dawa ya mgonjwa. Isitoshe, chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai isiyokatiwa rufaa huchukuliwa kuwa uthibitisho katika madai ya fidia. Familia yenye hukumu nzuri mkononi inayo njia fupi zaidi ya kudai bima ya gari. Kesi ikiharibika, familia hupoteza haki, na mara nyingi fidia pia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio watoto wetu wa shule na vijana wetu wa bodaboda.

Tunaponunua mafuta tunalipia Mfuko wa Barabara, na fedha hizo hutengeneza barabara. Si dhambi kuuliza kama sehemu ndogo ya mapato yanayotokana na vyombo vya moto inaweza kugharamia haki ya wanaokufa katika barabara hizohizo.

Hata hivyo fedha hizo ziwe na masharti:
- Zisitegemee idadi ya waliofungwa wala kiasi cha faini. Mshtaki anayelipwa kwa vichwa atamtafuta hata asiye na kosa.
- Zilipie mnyororo mzima: kipimo kilichokaguliwa, usafiri wa sampuli, posho ya shahidi. Mshahara wa mwanasheria peke yake hautoshi.
- Zitangazwe, ili wananchi wazifuatilie kama tunavyofuatilia fedha nyingine za umma.

6. Sisi tufanye nini

Halmashauri yetu haiajiri waendesha mashtaka. Kwa hiyo kumlaumu diwani kwa jambo hili ni kumwonea. Fungu hilo liko Serikali Kuu, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na hujadiliwa katika Bunge la bajeti linaloanza Aprili. Hoja ianzie katika mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe katika muhtasari, ipite kwenye kata, ifike kwa Mbunge kabla ya mwezi huo. Barua yenye muhuri wa kijiji na mifano mitatu ya kweli ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Yako pia yasiyongoja bajeti. Ajali ikitokea, piga simu polisi mara moja na uandike saa. Andika namba ya gari na majina ya walioona. Usimpige dereva, dereva aliyepigwa huleta kesi nyingine, nayo huifunika ile ya kwanza. Kikundi kinaweza kutenga akiba kidogo ya nauli za mashahidi, na kumtafuta msaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na sote tunaouza au kunywa ulanzi na komoni tukumbuke kwamba aliyeficha ufunguo wa pikipiki usiku ameokoa fedha ambazo hakuna bajeti ingeweza kuzirudisha.

Neno la kutafakari

Someni Kutoka 21:28-29, sheria ya ng'ombe apigaye pembe. Angalieni tofauti kati ya mwenye ng'ombe asiyejua na yule aliyekwisha kuonywa. Kisha someni Luka 18:1-8. Mjane yule aliomba haki, si sadaka.

Maswali ya kujadili

1. Kutoka kijijini kwenu, dereva anaweza kupimwa baada ya saa ngapi? Fanyeni hesabu kwa miligramu 15 kila saa.
2. Je, iko kesi ya ajali kijijini kwenu iliyoishia njiani? Ilikatikia wapi?
3. Kati ya kipimo, usafiri wa sampuli, nauli ya shahidi na mwanasheria, mngeanza kudai kipi, na kwa nini?
4. Nani ataandika hoja, na mkutano mkuu wa kijiji ni lini?

Mama yule tulimjibu kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na gharama yake ni ya Jamhuri. Akatuangalia, akasema, "Basi Jamhuri nayo ingekuja na nauli." Vikundi vitakavyojadili somo hili vituletee majibu ofisini, ili barua ya kwanza iandikwe kwa pamoja.