Ufinyanzi Darasani na Msamiati wa Mtoto

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka wa 2019, unaitambua sanaa kuwa eneo la kujifunza tangu madarasa ya chini. Je, mwalimu wa Kiswahili ana lipi la kuvuna humo? Mpe mtoto wa Gredi ya Pili udongo wa mfinyanzi: ataukanda, ataufinyanga, ataubonyeza. Kila tendo lina kitenzi chake. Chungu kikianikwa juani kikapasuka, tofauti ya 'kimepasuka' na 'kimepasuliwa' haihitaji ubao. Mwenye chungu ataipigania. Lakini mwalimu anayechora kikombe ubaoni ili wote waige (njia rahisi, tukubali) huvuna vikombe arubaini na kimya. Heri aseme, "Tueleze ulivyokifinyanga," kisha asikilize.