Mahari imeshapokelewa, sasa wanataka na jina

Shangazi,

Mimi ni muuguzi, Mluguru, nina miaka 29, naishi Morogoro. Harusi yetu ni Desemba. Mchumba wangu ni mtu wa Moshi, ni mwema na tumetoka mbali. Barua ya posa ilijibiwa, mahari ikapokelewa, tumebaki na vikao vya harusi. Mwezi uliopita aliniambia kwamba tukishafunga ndoa nitatumia jina la ukoo wao kila mahali: kazini, benki, kwenye kitambulisho. Anasema ndiyo mila, na mama yake ameshaulizia. Nilipomwambia nataka kubaki na jina la marehemu baba, akanijibu, “Basi una mguu mmoja nje.” Baba alituacha wasichana watatu, hakupata mtoto wa kiume. Dada zangu wote wanatumia majina ya waume zao. Mama ananiambia nikubali yaishe, jina halivunji nyumba. Shangazi, nikikataa nitakuwa nimeanza ndoa kwa ubishi?

Muuguzi, Morogoro

Mwanangu, hapana, hutakuwa umeanza ndoa kwa ubishi. Ushauri wangu nautoa mapema ili mengine uyasome ukiwa umetulia: baki na jina la baba yako.

Mchumba wako ameshikilia neno mila, basi tulianzie hapo. Kwenye vikao vya posa nilivyohudhuria, mshenga anakaa, anasomewa: mkaja wa mama, blanketi la bibi, mbuzi wa wajomba, fedha taslimu. Wanaombana kupunguziana, wanakubaliana, yanaandikwa na kutiwa saini. Jina la binti sijalisikia likitajwa hata siku moja. Wazee wanaokumbuka mpaka blanketi la bibi wasingelisahau jina kama lingekuwa haki ya upande wa mume.

Kwenye koo zetu nyingi, za Uchagani zikiwemo, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mke aliingia akiwa mtu wa ukoo mwingine na akabaki binti wa kwao, ndiyo maana likitokea jambo zito wanaitwa wajomba na mashangazi wa kwao. Na kwenu Uluguruni ndiyo kabisa, ukoo unafuata upande wa mama. Sasa hapo inazungumzwa mila ya nani? Pwani na Visiwani mwanamke ni fulani binti fulani, aolewe asiolewe. Rais Samia aliolewa na Mzee Hafidh Ameir mwaka 1978, na mpaka leo nchi nzima inamtaja kwa jina la baba yake, Suluhu Hassan. Nani atasema ana mguu mmoja nje?

Mke kuchukua jina la mwisho la mume ni desturi iliyokuja na misheni na ofisi za wakoloni. Sisemi ni mbaya. Mama Maria Nyerere amelibeba jina la mumewe kwa heshima kubwa, na dada zako wana haki ya kufanya vivyo hivyo. Anayelichukua kwa hiari yake nampongeza. Wewe hujaombwa, umeambiwa, tena baada ya mahari kupokelewa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubadili jina. Anayetaka kulibadili rasmi huandaliwa hati na wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo mzunguko unapoanza: NIDA, TRA kwa ajili ya TIN, benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri, na kwako wewe Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa ajili ya leseni. Cheti cha kidato cha nne kitabaki na jina ulilofanyia mtihani. Wanaoumia zaidi ni wale waliobadili nusunusu, kazini wanatumia jina la mume, benki la baba. Siku ya kufuatilia mafao au mirathi, karani anaweka karatasi mbili mezani na kuuliza kama huyu na huyu ni mtu mmoja. Mjane anaanza kuhangaikia hati ya kiapo, eda haijaisha au matanga hayajaanuliwa, na ada za watoto zinasubiri. Kwa hiyo hata kama siku moja utabadili mawazo, badilisha kote au usiguse popote.

Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alichukua jina la mumewe, Mathai. Walipoachana mwaka 1979, mwanamume akamtaka aliache. Mama wa watu alikuwa ameshafundisha chuo kikuu akijulikana kwa jina hilo. Akaongeza herufi “a” moja, na kwa jina hilo jipya, Maathai, akapokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Sikuombei kuachana, Mungu apishe mbali. Nataka uone kwamba jina la mtu mwingine linaweza kudaiwa wakati wowote, la baba yako halina mdai.

Mama yako anasema jina halivunji nyumba. Ni kweli, basi na kubaki nalo hakutaivunja. Mwambie hivyo kwa adabu, naye atakuelewa, maana jina hilo ni la mumewe.

Kuhusu mchumba wako, tafuta siku mkiwa wawili, bila mshenga wala dada, umuulize anaogopa nini. Kama ni watoto, watoto watabeba jina lake na la ukoo wake kama kawaida yetu, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kinaandikwa jina la baba na la mama. Kama ni heshima ya mama yake, heshima hiyo mpe. Akikuita kwa jina la ukoo wao nyumbani kwake, itika “abee mama” kwa moyo mweupe. Kanisani na mtaani wakikuita mke wa fulani, itika pia. Hayo hayahitaji wakili. Lakini mchumba wako akikujibu kwamba bila jina hakuna harusi, ahirisha kikao kinachofuata uwaite wazee wa pande zote mbili, kwa sababu hapo jambo si jina tena.

Nawe kijana wa Moshi, gazeti hili likikufikia, nisikilize kama mama yako mdogo. Binti huyu amekubali kuacha kwao na kuanza maisha nawe. Amekuomba kitu kimoja, jina la baba yake aliyekufa bila mtoto wa kiume. Nenda kwa mama yako wewe mwenyewe, usimtume yeye, ukamwambie mmekubaliana abaki nalo. Fanya hivyo kabla kadi hazijachapishwa.