Nani Aketi Katika Kiti cha Hukumu?

Yafaa leo tutafakari jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku tuitwapo shaurini: wale wanaoketi kutuamua wamepatikanaje? Sheria yaweza kuwa njema, na ushahidi waweza kuwa wazi. Lakini wanaoupima ushahidi huo wakichaguliwa kwa rangi au kwa kabila, haki imekwisha kujeruhiwa kabla shahidi wa kwanza hajasimama.

Kwanza tueleze maneno. Juri ni watu wa kawaida, wasio mahakimu, ambao husikiliza kesi na kuamua kama mshitakiwa ana hatia. Wazee wa baraza nao husikiliza, lakini hutoa maoni tu, na jaji aweza kuyafuata au kuyaacha. Hao wa kwanza huamua. Hawa wa pili hushauri.

Tuitazame Kenya ya wakati wa ukoloni. Huko Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa aliamuliwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika hakupewa juri. Aliketiwa na jaji pamoja na wazee wa baraza. Basi katika nchi moja, chini ya serikali moja, rangi ya mshitakiwa ndiyo iliyoonyesha mlango wa kuingilia mahakamani.

Matunda yake yalionekana mwaka 1923. Mlowezi Jasper Abraham alimpiga viboko mtumishi wake aitwaye Kitosch, akamfunga kamba, na mtu yule akafa. Juri ya Wazungu huko Nakuru haikuona hatia ya kuua, bali ya kumdhuru mtu vibaya. Abraham akafungwa miaka miwili. Huko mahakamani ilisemwa hata kwamba Kitosch alikufa kwa sababu alitaka kufa mwenyewe!

Labda mtu atapinga, akisema: Mbona mwaka 1959 juri ya Wazungu ilimtia hatiani Peter Poole kwa kumwua Mwafrika, Kamawe Musunge, naye akanyongwa mwaka 1960? Ni kweli, na watu wale wastahili sifa. Lakini jambo hilo halitakasi utaratibu wenyewe. Iwapo haki ya marehemu hutegemea bahati ya kuwapata waamuzi wenye moyo mnyofu kutoka upande mmoja tu, basi hiyo ni bahati, si haki. Kitosch hakuipata.

Wala haitoshi kumweka mtu kitini pasipo kumpa nguvu. Dedan Kimathi alipohukumiwa Nyeri mwaka 1956, waliketi wazee wa baraza watatu Waafrika, nao walimwona ana hatia. Lakini hata kama wangesema kinyume, jaji hakufungwa na neno lao. Kwa hiyo yatupasa kuuliza maswali mawili daima: nani ameketi, na neno lake lina uzito gani?

Marekani nayo imeshindana na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1880 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba sheria ya kuwakataza watu weusi kuingia katika juri ni batili. Hata hivyo, mwaka 1955 wanaume weupe 12 katika jimbo la Mississippi waliwaachilia walioshitakiwa kwa kumwua kijana Emmett Till, nao hawakukawia hata saa moja na nusu. Ilipofika mwaka 1986 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua, katika kesi ya Batson, kwamba mwendesha mashitaka hawezi kumwondoa mtu katika juri kwa sababu ya rangi yake. Akituhumiwa hivyo, hana budi kutoa sababu nyingine. Twaona basi kwamba ubaguzi ukifukuzwa mlangoni, hujaribu kuingia dirishani.

Je, sisi wa Chanzuru tunahusikaje? Tanganyika haikuwa na juri. Mahakama Kuu yetu ilitumia wazee wa baraza, na tangu mwaka 2022 si lazima tena wawepo. Lakini tunalo baraza la kata. Sheria ya mwaka 2002 yataka wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Tangu mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Na suluhu haina bunduki wala gereza; nguvu yake yote ni kuaminiwa.

Wilaya yetu ya Kilosa yajua gharama ya kutoaminiana. Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mfugaji akikuta wajumbe wote ni wakulima, au mkulima akikuta kinyume chake, atapokeaje suluhu yao, hata ikiwa ya kweli?

Hatusemi kila kabila lihesabiwe kiti chake, kana kwamba mjumbe ni wakili wa ukoo wake. Twasema asiachwe mtu mwaminifu kwa sababu ya kabila lake, wala asichaguliwe asiyefaa kwa sababu hiyo hiyo. Siku majina yatakapopelekwa mbele ya kamati ya kata, kila mmoja ajiulize: Kama shauri lingekuwa langu, nami ningekuwa mgeni hapa, je, ningeridhika kuamuliwa na watu hawa?