Mtoto ni wa nani wazazi waachanapo?

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika nyumba iliyovunjika, nyasi hizo ni watoto. Mume na mke wakisha kuachana, jamaa za pande zote mbili huuliza: Watoto ni wa nani? Yafaa tulichungue swali hili, kwa maana mila hulijibu kwa namna yake, na sheria ya Tanzania kwa namna nyingine.

Kwanza tutazame mila. Makabila mengi, kama Wasukuma, Wahaya na Wachaga, hufuata ukoo wa baba. Kwao mahari ikisha kutolewa, watoto huhesabiwa kuwa wa upande wa baba, hata mama yao akirudi kwao. Mila za makabila ya namna hii ziliandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963. Lakini Waluguru, Wamakua na Wamakonde kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu ya wapwa zake. Basi mtoto wa Bukoba na mtoto wa milima ya Uluguru, wakifikwa na msiba ule ule, kila mmoja hupata jibu lake.

Hatusemi kwamba mila hizo ni za kudharauliwa. Ukoo humpa mtoto jina, shamba na wazee wa kumtetea. Ila zote mbili zauliza jambo moja tu: mtoto ni wa ukoo gani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yauliza jambo jingine: Mtoto huyu atapata mema wapi? Hakimu aamuapo mtoto akae na nani, yampasa kutanguliza ustawi wa mtoto. Kisha huangalia matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe ikiwa aweza kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Mila, basi, haikufukuzwa barazani, bali imepewa kiti cha nyuma. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa sababu za kweli. Kadhalika, watoto wakiwa wengi, kila mmoja hufikiriwa peke yake.

Wako akina baba wasemao, "Mama amewachukua watoto, na awalishe mwenyewe." Hilo ni kosa. Sheria yamwajibisha baba kuwatunza watoto wake, wakae kwake au kwa mtu mwingine. Wala mama asimfiche mtoto ili kumlipiza kisasi mumewe: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wake wa pili na kukaa naye, mradi masomo yake yasiharibike.

Kwa Wakatoliki, hukumu ya mahakama haivunji kifungo cha sakramenti ya ndoa. Hata pale Kanisa linapowaruhusu wana ndoa kutengana, laamuru watoto wapate matunzo na malezi yanayowapasa.

Sheria yataka pia kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, ugomvi wa mume na mke upelekwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Wazee wakutanapo huko, wasianze kwa kuhesabu ng'ombe wa mahari wala kwa kutaja majina ya mababu. Waanze kwa kuuliza: Nani atamwamsha mtoto huyu aende shule? Nani atamuuguza akipata homa? Nani atamlipia daftari na sare? Wajomba na mashangazi wakiyajibu hayo kwa haki, mtoto hatapoteza jamaa hata mmoja, ijapokuwa wazazi wake hawalali tena chini ya paa moja.